Gari la Shangazi na Mtihani wa Muuza Nyama

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai na kuvaa sare za shule, binti mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa na kazi ya dakika kumi. Shangazi yake, aliyekuwa akimlea, alikuwa mwalimu wa udereva. Chombo chake cha kazi kilikuwa gari moja dogo jeupe, lenye kibao cha shule juu ya paa na umri mkubwa kuliko wa binti mwenyewe. Watu wengi walikuwa wamejifunzia gari hilo, na kila mmoja aliliachia kumbukumbu yake: mkwaruzo hapa, kibonyeo pale.

"Gari hili likigoma, na sisi tumegoma," Shangazi alipenda kusema. Kwa hiyo alimfundisha binti kulikagua kabla halijawashwa. Kwanza oili: chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse kwa kitambaa, kirudishe, kichomoe tena, uone kama oili imefika kati ya alama mbili. Halafu maji ya rejeta, injini ikiwa bado ya baridi. Halafu zunguka utazame matairi yote manne, ujaribu taa, na mwisho uangalie maji ya kuoshea kioo cha mbele.

Majuma mawili ya kwanza binti alifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe. Juma la tatu akagundua siri. Shangazi akitoka ndani hakufungua boneti. Alilitazama gari kwa nje tu, akauliza, "Umeshakagua?" na gari likiwa linang'aa, hakuuliza la pili. Tangu siku hiyo binti akachukua ndoo, sabuni na kitambaa, akawa anaisugua bodi mpaka unaweza kujitazama meno. Boneti haikuguswa. Dakika zilizobaki alikaa kwenye kiti cha dereva, akanguruma kwa mdomo na kuzungusha usukani, akimwendesha waziri asiyekuwepo.

"Umeshaka..." Shangazi angeanza.

"Nimeshafanya!" binti angedakia, hata kabla swali halijafika mwisho. Alilisema neno hilo mara nyingi, kwa vyombo, kwa kitanda na kwa kazi za shule, hata jina lake halisi likasahaulika. Nyumbani na mtaani akaitwa Nimeshafanya.

Siku zile Shangazi alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyemtoa jasho, naye ni muuza nyama wa sokoni. Alikuwa mtu wa miraba minne. Kwa pigo moja la shoka aliweza kupasua paja la ng'ombe, lakini akikamata usukani alitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Mtihani wa udereva ulikuwa umemwangusha mara tatu. Mara ya kwanza alimwona mteja wake barabarani akampungia mikono, yote miwili. Mara ya pili alisimama kumpisha mbuzi, akampisha na mwenye mbuzi, kisha akaendelea kuwapisha watu waliokuwa wamekaa tu kibarazani. Mara ya tatu alitaka kuwasha taa ya kukata kona, akawasha waipa, akakata kona huku waipa zikimpungia mtahini kwaheri. Na pikapu alikuwa ameshainunua. Ilikaa uani kwake bila dereva, kuku wakitagia kwenye kiti.

Mtihani wa nne ulipangwa Jumamosi. Asubuhi hiyo Nimeshafanya aliamka kwa shauku, kwa kuwa Shangazi alikuwa amemwahidi kumchukua. Alilisugua gari mara mbili. Kwa heshima ya siku yenyewe, akajaza maji kwenye kile kichupa cha kuoshea kioo, akaongeza sabuni ya kuoshea vyombo, vifuniko sita, ili kioo kitakate kweli kweli. Boneti akaifunga haraka. Oili na maji ya rejeta hakuvitazama.

"Umeshakagua?"

"Nimeshafanya, Shangazi!"

Muuza nyama alifika amevaa suruali mpya ya kijivu iliyopigwa pasi ikasimama. Akashika usukani, Shangazi akakaa pembeni yake, Nimeshafanya nyuma. Walikwenda polepole mpaka uwanja wa mitihani, na muuza nyama njia nzima alikuwa akiliambia gari maneno ya kulibembeleza kama anamvusha mzee mtoni.

Mtahini alikuwa mtu mwembamba kama ufito, mwenye miwani na masharubu yaliyochongwa vizuri. Hakupandisha sauti wala hakucheka. Mkononi alikuwa na ubao wenye karatasi.

"Kabla ya kuendesha," alisema, "dereva hulikagua gari lake. Je, gari hili liko tayari?"

Muuza nyama alitabasamu. Hilo swali alilijua. "Liko tayari kabisa, Bwana Mtahini. Limekaguliwa asubuhi."

"Fungua boneti."

Nimeshafanya alirudi nyuma hatua mbili. Muuza nyama akafungua, akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha na kukichomoa tena. Akakitazama. Akakigeuza. Akakitazama upande wa pili, huenda oili ilikuwa imejificha huko. Nchani palikuwa na tone moja jeusi, chini kabisa ya alama ya chini.

"Taa ya oili haikuwaka njiani?" mtahini aliuliza.

"Taa gani? Ile nyekundu?" Muuza nyama alifikiri. "Kuna kataa kekundu kalikuwa kananikonyeza kila tukikata kona. Nikadhani kananitakia heri."

Shangazi akashika kichwa kwa mikono miwili. Mtahini akazunguka gari kimya. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limelegea kama chapati. Akamwambia muuza nyama akanyage breki, na taa moja tu ya nyuma ikawaka. Kila alichokiona alikiandika, na kalamu yake ilikuwa ikikwaruza kwa sauti iliyomfikia kila mtu.

"Gari hili halitoki hapa," alisema. "Na dereva asiyejua hali ya gari lake hajawa dereva. Nani alilikagua asubuhi?"

Muuza nyama alimwangalia Shangazi, akamwangalia na binti. Masikio ya Nimeshafanya yalikuwa yamewaka. Jitu lile likameza mate, likasema kwa upole, "Kosa ni langu, Bwana Mtahini. Mimi ndiye dereva. Niandikie nimeanguka."

Nimeshafanya alikuwa na njia nyepesi: kunyamaza. Hakuna aliyemtaja. Lakini alimwona muuza nyama akiinama kufuta vumbi kwenye suruali yake mpya, ingawa haikuwa na vumbi, na akatambua kwamba mtu mzima yule alikuwa anatafuta pa kuficha uso wake.

"Si yeye!" alipaza sauti. "Ni mimi. Kazi ya kukagua ni yangu. Sikukagua. Leo sikukagua, na jana sikukagua, na juzi... Nilikuwa nasugua nje tu, halafu nasema nimeshafanya."

Mtahini alivua miwani akaipangusa, akaivaa tena na kumtazama binti kwa muda mrefu.

"Nina watahiniwa sita mbele yenu," alisema hatimaye. "Nikimaliza na wa sita, nitarudi hapa. Nikikuta gari limekuwa gari, nitampa huyu bwana nafasi yake. Nikikuta bado ni pambo, mtakwenda nalo nyumbani kwa kamba."

Alipoondoka, Nimeshafanya alingoja kufokewa. Shangazi alimtazama kwa macho makali, kisha akatoa kitambaa kwenye buti la gari na kumrushia. "Ugomvi wetu utasubiri. Kazi haisubiri. Anza."

Nimeshafanya akakimbilia kifuniko cha rejeta.

"Weeeh!" Shangazi alimdaka mkono. "Injini imetoka safarini. Ukifungua sasa, maji yatakurukia usoni yakiwa yanachemka. Rejeta tunaiacha ipoe, tunaifungua ya mwisho, na kitambaa juu. Nenda kwenye duka la vipuri pale ng'ambo, uniletee lita ya oili na balbu ya breki. Mwambie mwenye duka ni gari langu, analijua."

Binti akaenda na kurudi mbio. Shangazi akamwonyesha jinsi ya kumimina oili kidogo kidogo kwa faneli, kungoja ishuke, kisha kupima tena. "Usijaze mpaka ipite alama ya juu," alimwambia. "Injini ni kama tumbo. Njaa mbaya, na kuvimbiwa kubaya." Mara hii kijiti kilipotoka, oili ilisimama katikati ya alama mbili, nyororo kama asali, na Nimeshafanya akashangaa jinsi alivyofurahi kuiona.

Muuza nyama alipewa pampu ya mguu. Alikanyaga kwa nguvu zile za machinjioni, tairi likainuka, naye akihesabu kwa sauti. Alipofika arobaini na tatu ikasikika praaa!

"Tairi limepasuka!" Nimeshafanya alipiga kelele.

"Tairi ni zima," alisema muuza nyama kwa huzuni, akijishika nyuma. "Ni suruali."

Shangazi akamfunga kanga yake kiunoni, na muuza nyama akaendelea kukanyaga amevaa kanga ya maua mekundu. Watahiniwa wengine waliokuwa wakingoja walijificha nyuma ya mti ili wacheke vizuri. Shangazi akapima upepo kwa kipimo chake, akaubandika mkono juu ya tairi, akaridhika. Balbu ikabadilishwa. Injini ilipopoa, kifuniko kikafunguliwa kwa kitambaa, na rejeta ikanywa karibu chupa mbili za maji.

"Bado maji ya kioo," Shangazi alisema. "Ulijaza?"

"Hayo nilijaza kweli!" binti alisema kwa fahari. "Na sabuni nikatia, ili..."

Shangazi alikuwa ameshabonyeza kitufe. Vitundu viwili vikakohoa, vikatoa povu. Waipa zikalisugua povu, povu likazaa povu, likapanda kioo, likafunika paa na kile kibao cha shule. Upepo ukalimega bonge moja na kulisafirisha uwanjani, wakati uleule mtahini alipokuwa akitembea kuja kwao. Lilitua usoni mwake bila kukosea.

Akasimama. Masharubu yake yalikuwa meupe kama ya mzee wa miaka mia.

"Vifuniko vingapi?" aliuliza.

"Sita," Nimeshafanya alinong'ona.

"Kimoja," alisema mtahini, akijifuta kwa leso, "kingekuwa kingi." Na kwa mara ya kwanza tangu uwanja ule ujengwe, pembe ya mdomo wake ilitikisika.

Walimwaga maji yale, wakatia mengine safi. Mtahini akakagua kila kitu upya, akachomoa kijiti mwenyewe, akaingia garini. Muuza nyama akawasha gari, kanga kiunoni. Labda aibu yote ilikuwa imeshamwisha, au kulikanyagia tairi kwa mguu wake mwenyewe kulimfanya alione gari kuwa rafiki, kwani hakutetemeka. Alikata kona kwa taa, si kwa waipa. Alirudi nyuma kati ya mapipa bila kuligusa hata moja. Mteja wake mmoja alimwita kutoka barabarani, naye akamjibu kwa kichwa tu.

Aliposhuka na karatasi yake ya kufaulu, alimbeba Nimeshafanya juu juu, akampigisha kelele ya furaha. Kisha akamshusha na kumwambia kwa uso wa utu uzima, "Mwanangu, mimi nauza nyama. Naweza kupangusa meza ikang'aa, nikavaa koti jeupe, nikatabasamu. Kama nyama ya ndani imeharibika, mteja atajua akifika nyumbani. Leo umenusa ya kwako mwenyewe mbele za watu, ukasema inanuka. Wengi wenye ndevu hawawezi."

Adhabu haikusahaulika. Kwa mwezi mzima binti alikatazwa kukaa kwenye kiti cha dereva, na asubuhi za mwanzo Shangazi alisimama mlangoni na kikombe cha chai akimwangalia. Kufikia juma la pili Shangazi hakuwa akisimama tena. Lakini binti aliendelea, oili, maji, matairi, taa, kwa mpango uleule.

Asubuhi moja ya Jumatatu, akizunguka matairi, vidole vyake viligusa kitu kigumu kwenye tairi la mbele la kulia. Akainama. Kilikuwa kichwa cha msumari, kimezama hadi shingoni. Tairi lilikuwa bado limejaa, na kwa mbali gari liling'aa kama kawaida.

"Shangazi! Njoo uone! Usiliwashe!"

Shangazi alikuja na kandambili, akachuchumaa karibu naye. Alipapasa msumari kwa kidole gumba. Siku hiyo alikuwa na wanafunzi watatu wa barabara kuu.

"Mimi ungeweza kunidanganya," alisema taratibu. "Mtahini pia, kama si mjanja. Gari halidanganyiki. Usipolitazama leo, kesho litakusemea mbele za watu, tena likiwa katika mwendo kasi. Kazi inayofanywa pasipo macho ya mtu ndiyo inayotufikisha salama, mwanangu." Akainuka, akampa mkono amwinue. "Haya, lete jeki. Leo nitakufundisha kubadilisha tairi."