Mtu wa Bafwasende

Jua lilikuwa linazama upande wa mtaa wa Mangobo nilipotoka na ndoo kuchota maji ya wodi ya majeruhi. Mabomba yalikuwa yamekauka tena. Zaire ile, hata maji ya hospitali tuliyatafuta wenyewe.

Lori la kutoka Bafwasende, kule msituni, likasimama langoni. Wanaume wawili wakambwaga mtu chini, wakasema maneno machache na muuguzi mwenzangu Kasongo, wakaondoka.

Alikuwa amekatwa kwa panga. Sikio la kushoto halikuwepo. Bega lilikuwa wazi hadi mfupa. Tumbo alilishikilia kwa mikono yote miwili...

Tulimlaza mezani, mimi na Kasongo. Nikafungua daftari la majeruhi.

“Andikeni jina yangu,” alinong’ona. “Muke yangu iko njiani. Atanitafuta.”

Kasongo akaninyang’anya kalamu.

“Hapana, Pélagie. Bale batu ba lori wamesema ni mulozi, alikula batoto ya watu. Ukiandika jina yake, roho yake itabakia humu hospitali.”

Mgonjwa akafungua kinywa alitaje jina lake mwenyewe. Kasongo akakiziba kwa kiganja. Nilimvuta, akanipiga teke nikaanguka. Miguu ya mgonjwa iligonga meza. Ikagonga... ikagonga...

Ikatulia.

Nilikimbia kumwita daktari. Tukiwa uani, tukasikia mtu analia kama mbuzi anayechinjwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Daktari aliuvunja kwa bega. Harufu ya damu na majani mabichi ya msitu ikatupiga usoni.

Maiti ilikuwa palepale mezani. Kasongo alikuwa sakafuni.

Sikio la kushoto. Bega. Tumbo.

Panga hatukuliona.

Daktari alimshona Kasongo, mimi nikishika taa. Alipozinduka, daktari alimwinamia kumpima akili.

“Jina yako, papa?”

“Abdulhamid,” alijibu. Sauti haikuwa yake. “Wa Bafwasende. Sasa andikeni.”

Daktari aliandika.

Asubuhi akaja mwanamke, vumbi hadi magotini. Alisema yeye ni Hadidja, anamtafuta mumewe Abdulhamid. Nilimpeleka chumba cha maiti, nikafunua shuka. Alitazama kwa muda mrefu.

“Huyu simujue,” alisema.

Kutoka wodini, mtu akaita taratibu: “Hadidja...”

Alinipita mbio. Nilimkuta ameketi kitandani kwa Kasongo, anampangusa uso, anamlilia.

Mke wa Kasongo alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya lituma, ndizi zilizopondwa, amemletea mumewe chakula. Kasongo alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni.

“Hadidja,” aliuliza, “huyu mama ni nani?”