Giga Arobaini za Omer

Mvua ya Masisi, mashariki mwa Kongo, haina adabu. Siku ile ya soko ilishuka bila kupiga hodi, na watu wote waliokuwa Masisi-centre wakajibana chini ya turubai la muuza jibini. Ndipo Omer, kijana wa Butembo mwenye koti la jinzi na funguo zinazoning'inia shingoni, alipomkanyaga msichana asiyemjua.

"Kaka, mugulu yangu si ngazi!"

"Pardon, dada. Batu bananisukuma."

"Banakusukuma na weye unakubali tu?"

Omer akacheka. Msichana hakucheka. Alikuwa amevaa buti za plastiki na kitenge cha njano chenye maua mekundu, na kifuani amekumbatia daftari kubwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alilikinga daftari kuliko alivyojikinga mwenyewe. Omer akanunua jibini, akaikata katikati, akampa nusu. Msichana aliimaliza yote ndipo akasema asante.

Jina lake Emérence Byukusenge, binti wa wakulima wa Kibabi, mwandishi wa majina katika komite ya wakimbizi.

"Komite? Basi ile mashini munaandikia, njo miye naitunza!"

"Ah, njo weye! Iko polepole kabisa. Naandika jina moja, napika foufou, narudia, bado."

"Nitaiongezea nguvu. Weye sema tu."

Ugonjwa wa Omer ndio huo, na tuutaje mapema: hakujua kusema hapana. Watu walimwita mwema. Mimi simwiti hivyo, kwa sababu mtu anayemkubalia kila mtu lazima amdhulumu mmoja wao, na kwa kawaida humdhulumu asiyepiga kelele.

Ofisini kwake palikuwa na kompyuta moja kubwa, serveri, iliyonunuliwa kwa ubia wa watatu: kontuari ya Papa Léopold, yaani duka lake la kununulia madini, redio ya mtaa, na komite ya wakimbizi. Ndani yake Omer alikuwa ameigawa ikawa mashine tatu za kufikirika, na kila mwenyewe aliitumia ya kwake kana kwamba ilisimama peke yake. Kazi ya Omer ilikuwa kugawa kumbukumbu na nguvu za prosesa, ubongo wa kompyuta, baina ya hizo tatu. Kumbukumbu yote ilikuwa giga thelathini na mbili. Papa Léopold alitaka kumi na sita, akaambiwa ndiyo. Redio ikataka nane, ndiyo. Emérence, kwa utamu wa mapenzi mapya, akapewa kumi na sita bila kuomba. Jumla arobaini.

Mafundi wengi hufanya hivyo, wakijua kwamba wote hawatumii kwa wakati mmoja. Omer aliiamuru serveri imnyang'anye aliyelala impe anayefanya kazi. Na mashine ya komite ililala kila asubuhi hadi saa nane mchana. Omer alitazama mstari wa matumizi ya komite uliolala kwenye kioo, akaona huyu hana haja. Hakuuliza hata siku moja kwa nini umelala. Asubuhi hizo Emérence alikuwa kwenye mahema, magoti matopeni, akiandika majina kwa kalamu ya bic, maana mtu aliyetembea usiku kucha kutoka kijiji cha Kingi na watoto mgongoni hawezi kuja kupanga foleni ofisini. Majina yote ya siku yaliingia mashinini kwa pamoja, alasiri.

Wiki sita walipendana vizuri sana. Simu haikupoa.

"Alo, sheri. Umekula?"

"Nimekula vumbi ya njia. Weye?"

"Miye nakuwaza, nimeshiba."

"Mubongo! Unadanganya! Kunywa maji, lala." Na alicheka mpaka betri ikaisha.

Mwaka huo, 2023, vita vilirudi kwenye vilima. Alhamisi moja familia arobaini na tatu zilishuka kutoka Kingi. Orodha ya chakula ilifungwa saa kumi jioni. Jina lisiloingia halikupewa kitu kwa majuma mawili. Saa nane Emérence akaketi ofisini kwa komite kufungua daftari. Kioo kikaganda. Kontuari ilikuwa inafunga hesabu zake za mwezi, imemeza kumbukumbu yote iliyokuwa ya komite, na serveri haikuwa na pa kuitoa. Alipiga simu kwa Omer mara kumi na moja. Omer alikuwa redioni, amewaahidi kutengeneza antena, simu ameiacha kwenye koti. Saa kumi ikafika na familia tisa tu zimeingia.

Jumatano iliyofuata Emérence aliingia ofisini kwa Omer bila kubisha.

"Unajua Mama Nyiramana?"

"Sheri, nilitaka kukueleza..."

"Hapana niite sheri! Alikuwa wa kumi mu daftari yangu. Walimurudisha ku kamba ya foleni ya chakula, jina haiko. Batoto bane, njaa. Jana alirudi Kingi kuchimba viazi mu shamba yake mwenyewe. Benye bunduki walimupiga risasi. Leo nimeandika bintiye kuwa mukubwa wa nyumba. Iko na miaka kumi na moja, Omer!"

Omer akakaa chini. "Mashini yenu ilikuwa inalala kila asubuhi. Nilifikiri..."

"Nililala miye? Nilikuwa mu matope! Ungeniuliza! Ao Papa Léopold njo alikupa kitu?"

"Hapana! Sikukamata kitu. Alitaka tu, nikamukubalia."

"Bure?" Sauti yake ikapasuka. "Afadhali angekununua, ningeelewa. Weye unaahidi kila muntu kintu yenye hauna, kiisha unaita ile mapenzi."

Akaondoka. Omer alipiga simu siku tano, haikupokelewa, na mimi nasema alistahili. Lakini siku hizo hakulia tu. Alifuta mgawo wake wote akaandika upya: komite kumi na sita zisizoguswa hata zikilala, pamoja na nusu ya prosesa, kontuari kumi, redio nne, mbili za serveri yenyewe. Thelathini na mbili.

Jumanne ilikuwa siku ya orodha nyingine, na bunduki zilisikika tangu asubuhi. Saa nane kasoro Emérence alikuja na daftari ofisini kwa Omer, aandike palepale penye serveri, akaketi, hakumsalimia. Akaanza kuandika. Majina yaliingia kama maji, na hilo likamuudhi zaidi, kwa kuwa lingewezekana tangu mwanzo.

Papa Léopold akaingia akihema, suti ya kahawia, viatu vya ncha.

"Omer! Benye bunduki banafika! Nipe nguvu yote, natoa mafaili yangu, narukia motokari."

"Hapana, Papa."

"Umesema nini?"

"Yenu ni kumi. Ya komite haigusiwi mpaka saa kumi."

"Kijana, kazi yako imekwisha."

"Iishe, Papa."

Emérence alisikia. Akaendelea kuandika.

Saa tisa mkuu wa komite alituma amri: wafanyakazi wote wapande lori la mfanyabiashara mmoja, Papa Jacques, linaelekea Walikale, sasa hivi. Zilibaki familia kumi na tisa hazijaandikwa. Emérence alisukumwa nje na wenzake wa komite waliokuja kumchukua, daftari likabaki wazi mezani. Juu ya lori, kati ya magodoro na mbuzi, akapiga simu.

"Omer, kuja! Lori inawasha!"

"Hapana."

"Unasikia ile bunduki? Nakuomba! Nakupenda, mujinga weye, kuja!"

"Nakupenda pia. Hapana. Kumi na tisa bado."

"Omer!"

"Hapana, Emérence." Akakata simu.

Emérence alimtukana kwa lugha tatu, mama mmoja karibu yake akamziba mtoto masikio. Alitaka kumpiga. Alitaka kumvuta kwa lile koti lake amtupe juu ya magodoro. Mtu ambaye hakuwahi kumkatalia hata kuku alikuwa amemkatalia yeye, na hasira ilimchoma kifuani pamoja na kitu kingine ambacho hakuwa na nafasi ya kukitazama. Lori likatikisika. Emérence akarusha mguu nje, akaruka, akaangukia magoti.

Aliingia ofisini amejaa tope hadi kiunoni. Omer alikuwa anaandika kwa vidole viwili, polepole, akitafuta kila herufi.

"Unaandika kama muzee," akasema. "Toka. Miye naandika, weye soma."

Omer akasoma. Dusabimana, watu watano. Mukamurenzi, watu tisa, mmoja mgonjwa. Mlio mmoja ulitikisa madirisha na Omer akaacha kusoma. Emérence akampiga kiwiko, Omer akaendelea. Saa kumi kasoro dakika tatu orodha ikaondoka, na kutoka ofisi ya chakula Goma likaja jibu: imepokelewa.

Omer akazima kioo. Nje hapakuwa na gari hata moja.

"Ungali na hasira?" Omer akauliza.

"Sana. Mama Nyiramana hatarudi."

"Najua."

"Haitaisha, Omer. Hata tukioana haitaisha."

"Tukioana?"

"Usinichekeshe, niko na hasira," akasema, akalifunga daftari, akamshika mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma, wakatoka kufuata njia ya Walikale kwa miguu.