Aliyeachwa Mchangani

Jua lilikuwa linashuka Mbaeva alipoegesha gari chini ya matuta ya mchanga ya jangwa la Namib. Hakutaka kurudi pale. Lakini Ouma Sanna, bibi kizee aliyekuwa mama yake Dawid, alimfuata kanisani mbele za watu, akamwomba ampigie picha mahali mwanawe alipopotelea, apate kitu cha kutundika ukutani. Angekataaje?

Dawid alikuwa mwongoza njia wake. Miaka miwili iliyopita waliingia jangwani wawili. Mbaeva akatoka peke yake, na picha moja ndefu, nyeusi na nyeupe, iliyompa jina hadi ng'ambo. Mbaeva aliwaambia polisi kwamba Dawid aliamka usiku akajiondokea. Maiti haikuonekana.

Alisimamisha kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu. Angepiga picha saba, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha aziunge ziwe moja. Nyuma yake, Ouma Sanna, aliyekuja naye, alitandaza mchangani shati kuukuu la mwanawe. Akaita taratibu, kama anayemwita mtu aje kula.

"Dawid... Dawid... Dawid..."

Upepo ukakatika.

Picha ya kwanza, matuta matupu. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na doa jeusi, mbali sana. Mbaeva akainua macho. Hapakuwa na kitu. Akaigeuzia kamera upande mwingine, akapiga ya nne. Doa lilikuwemo humo pia. Sasa lilikuwa na miguu.

Mguu mmoja ulikuwa unaburuzwa.

Harufu ya tumbaku ya kiko, ileile aliyokuwa akivuta Dawid, ikamjaa puani. Ouma Sanna hakuwa mvutaji. Mbaeva akanyoosha mkono aizime kamera.

"Bado tatu, mwanangu," bibi alinong'ona. "Siku ile hukukatisha kazi kwa ajili yake. Leo usiikatishe."

"Nani... nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kila jioni huja mlangoni kuomba maji. Nampa. Hayamshuki."

Kidole kikabonyeza kama si chake. Ya tano. Ya sita... uso ulijaa kioo kizima cha kamera, midomo imepasuka kama tope lililokaushwa na kiangazi.

Kitu kikapumua shingoni mwake.

Mbaeva akaanguka magoti, maneno yakamtoka yenyewe. Dawid aliteleza akavunjika mguu. Yeye alimwambia angojee, atarudi na gari. Lakini mwanga ulikuwa mzuri mno, akaendelea kupiga picha hadi giza likaingia. Asubuhi aliogopa kwenda kuangalia. Akashika njia ya mjini.

"Ulimwachia maji kiasi gani?" bibi aliuliza.

Mbaeva alilitazama shati pale mchangani.

"Chupa zote nilikuwa nazo mimi."

Ouma Sanna hakulia. Alilikung'uta shati mchanga, akalikunja vizuri, akamwekea mapajani.

"Miaka miwili nimekaa naye mimi," alisema. "Sasa ni wako."

Kulipokucha, Mbaeva alikuwa kwenye kituo cha polisi. Alieleza yote kabla hajaulizwa. Askari mmoja akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akamsimamisha ukutani ampige picha ya jalada la kesi. Chumbani walikuwa wao wawili tu.

Askari aliinua kamera, akaishusha, akakunja uso.

"Mwambie mwenzako asogee kwanza," alisema. "Na kama ni maji anayotaka, bomba liko nje."