Fremu ya Bibi Sikuzani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasra alimshika bibi yake mkono mmoja, baba akamshika wa pili, wakampeleka msalani, nyuma ya nyumba yao pale Dodoma mjini. Bibi Sikuzani alikuwa amevunjika nyonga. Hospitali ilimpa fremu ya chuma ya kutembelea, lakini Baba Nasra, aliyeingia kwenye biashara ya mitumba mara serikali ilipoiruhusu, aliipeleka sokoni akaitumia kutundikia mashati.

"Mama yangu atembelee vyuma kama vile hana watoto? Watu watanisema," alidai. "Tutamshika wenyewe."

Kusema "tutamshika" ni rahisi. Mchana baba alikuwa sokoni, na wa kumshika alibaki Nasra peke yake, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito.

Siku moja alirudi shuleni akakuta mtungi wa bibi umejaa vilevile, na midomo ya bibi imepasuka kwa ukavu.

"Shikamoo, Bibi. Mbona hujanywa maji na jua lote hili?"

"Marahaba. Sina kiu."

"Bibi!"

Machozi yakamlengalenga bibi. "Nikinywa nitataka kwenda msalani. Juzi tulianguka wote wawili, mjukuu wangu. Bora kiu."

Nasra alijaribu kumwinua. Hakuweza. Alijaribu tena, akashindwa, akaketi sakafuni akalia. Alimpenda bibi yake, lakini mapenzi hayakumwongezea nguvu mikononi. Jioni bibi alianza kuweweseka. Nasra akakimbilia sokoni kumwita baba.

Katika zahanati walikompeleka, muuguzi Generosa alimtundikia bibi dripu.

"Amekaukiwa na maji mwilini," alisema. Nasra akamweleza kwa nini bibi hanywi. "Hakupewa fremu ya kutembelea?" muuguzi akauliza.

Baba aliinamisha kichwa. Nasra ndiye aliyejibu: "Alipewa. Imetundikiwa mashati sokoni."

Bibi alipopona, baba aliileta fremu nyumbani bila shati hata moja. Bibi akaishika, akaenda msalani polepole, akarudi. Baba alimfuata nyuma, mikono ameinyoosha, asijue pa kuiweka.

"Mwanangu, Mungu akulipe kwa kunitunza," bibi alisema huku akiketi. "Lakini kumheshimu mzee si kumshika mkono tu. Mwachie afanye analoliweza. Kifaa cha kumsaidia mgonjwa si aibu. Aibu ni mimi kuogopa maji nyumbani kwa mwanangu."

Baba akavuta kigoda akaketi kando yake.

"Nasra," bibi akaita, "niletee maji. Jaza kikombe."