Bwawa la Matete Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Vyerehani vinne vilibanana sebuleni. Ukitaka kwenda jikoni, ilibidi upite kiubavu. Mama mkwe wa fundi cherehani alikuwa mnene kidogo, kwa hiyo yeye alizungukia nje.

"Nyumba hii imegeuka kiwanda," alisema huku akicheka. "Siku moja mtanishonea mfukoni na mimi."

"Vumilia, mama," fundi alijibu. "Ramani iko tayari. Nitajenga karakana ya ghorofa pale uani. Sebule yako utarudishiwa."

Mume wa fundi alifuga samaki. Alikuwa na vizimba vya nyavu kwenye ziwa dogo, chini kabisa bondeni. Masika ya mwaka uliopita ziwa lilibadilika rangi. Lilikuwa kijani kibichi, na lilinuka. Asubuhi moja alikuta samaki wake wamekuja juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Kabla ya jua kutua, karibu wote walikuwa wamekufa. Watu walisema ni sumu. Wengine walisema ni husuda. Yeye hakujua aamini lipi. Alinunua vifaranga vya samaki, akaanza upya kwa hofu.

Basi, barua ya kibali cha ujenzi ikafika kutoka ofisi ya mji. Fundi aliifungua kwa furaha. Aliposoma mstari wa mwisho, furaha ikamtoka.

"Nilipe ada ya fidia ya maji ya mvua?" alipaza sauti. "Mvua analeta Mungu, nilipe mimi?"

Kesho yake alitinga ofisini na barua mkononi. Alielekezwa kwa mtaalamu wa maji, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa. Mjini walimwita Bibi Chupa, kwa sababu mkoba ule ulijaa chupa za kupimia maji. Akitembea, utamsikia kabla hujamwona.

Bibi Chupa hakubishana. Aliisoma barua, kisha akauliza, "Dada, kwako kuna kitu chepesi kinachoelea?"

"Kuelea? Nina roli tupu za uzi. Za plastiki, nyekundu."

"Safi sana! Twende."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo, na maji bado yalitiririka kwenye mtaro mbele ya nyumba. Bibi Chupa alimwamkia mama mkwe, kisha akasimama chini ya bati, pale maji ya paa yanapomwagikia. Akaziangusha roli kumi mtaroni.

"Sasa tuzifuate!"

Roli zikaanza safari. Wanawake wawili wakazifuata kwa hatua za haraka, kisha mbio. Mama mkwe hakukubali kuachwa. Akakaza kanga kiunoni, akawafuata.

"Ile pale! Imekwama kwenye jiwe!" alipiga kelele.

Roli zilipita nyuma ya soko. Maji yakawa ya kahawia, yenye maganda na mabaki ya vyakula. Zikapita mahali pa kuoshea magari, maji yakatoa povu. Zikakata kona nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, zikateremka kwa kasi hadi ziwani. Mwisho wakasikia mtu anauliza kwa mshangao:

"Mke wangu! Mnakimbizwa na nani?"

Alikuwa mume wa fundi, amesimama majini hadi magotini. Roli saba nyekundu zilikuwa zinaelea kandokando ya vizimba vyake.

Fundi alizitazama roli, kisha akamtazama mumewe.

"Yaani maji ya paa langu yanakuja kwa samaki wako?"

"Ya paa lako, ya soko, ya mtaa mzima," alisema Bibi Chupa. Alichota maji kwenye chupa, akaiinua juani. "Ardhi tupu hunywa mvua. Bati na zege havinywi. Maji yanakimbia na kila yanachokikuta: mbolea ya bustani, sabuni, mabaki ya chakula, kinyesi cha wanyama. Ndani yake kuna rutuba. Shambani rutuba ni nzuri. Ziwani ikizidi, inalisha mwani, yaani vile vimea vidogo vya kijani. Mwani ukifa unaoza, na ukioza unamaliza hewa iliyomo majini."

"Ndiyo maana walikuja juu midomo wazi," mume alisema taratibu. "Walikosa hewa. Haikuwa sumu wala husuda."

Mama mkwe alikuwa bado anahema. "Kinyesi cha wanyama, ulisema? Hata cha kuku?"

"Hata cha kuku, mama."

"Mimi kila Jumamosi nafagia banda na kutupa mtaroni. Najiona msafi kweli!" Akashika kichwa. "Jamani, kuku wangu ndio waliowamaliza samaki wa mwanangu!"

"Si peke yao, mama," Bibi Chupa alisema huku akicheka. "Walisaidiwa na mji mzima."

Wakaokota roli zile saba, kisha fundi akauliza lililomkera. "Haya, nimeelewa uchafu. Lakini pesa zangu zitausafisha vipi?"

"Kila anayejenga anatakiwa kuchuja maji ya kiwanja chake. Mwenye eneo kubwa anachimba bwawa lake. Kiwanja chako ni kidogo, hakitoshi. Kwa hiyo unafanya unachoweza nyumbani, na kwa sehemu iliyobaki unalipa ada. Ada hizo tunazikusanya na kujenga bwawa moja la matete, katika bonde hili hili, si kwingine. Maji yakipita humo polepole, tope linatua. Matete na vijidudu vya kwenye mizizi vinakula rutuba. Ukipunguza maji yanayotoka kwako, na ada inapungua."

Alikunjua ramani. "Litajengwa hapa, kwenye shimo la zamani la matofali."

Fundi aliinama juu ya ramani. Alizoea kusoma michoro ya nguo, na jicho lake halikukosea mstari.

"Hapana," alisema. "Roli hazikupita kwenye shimo la matofali. Zilikata kona kwenye mashine ya kusaga."

Bibi Chupa aliitazama ramani. Akautazama mteremko walioushuka. Akaitazama ramani tena.

"Tangu barabara mpya ijengwe, maji yalihama," mama mkwe alieleza. "Shimo lile ni kavu. Mbuzi wanalala humo."

"Ramani hii ni ya kabla ya barabara!" Bibi Chupa aliruka, chupa zikalia kama kengele. "Tungechimba bwawa mahali pasipo na maji! Dada, mmetuokoa!"

Mambo yakaenda mbio. Wapimaji wakaja, wakathibitisha, na bwawa likachimbwa nyuma ya mashine ya kusaga. Fundi alirudi kwenye ramani ya karakana yake. Badala ya kumwaga zege ua wote, aliacha kipande cha bustani na njia ya kokoto. Aliweka tangi la maji ya paa, ambayo sasa wanayatumia kufulia na kupigia deki. Ada ilipungua. Iliyobaki aliilipa, akapewa risiti, na siku hiyo hiyo alikwenda kusoma kibao pale bwawani kilichoeleza ada za wajenzi zinafanya kazi gani. Mama mkwe alianza kuweka mbolea ya kuku kwenye magunia, na wakulima wa mboga wakawa wanaipigania.

Siku ya kupanda matete, wafugaji wote wa samaki walijitokeza. Waliingia kwenye tope wakiimba na kutaniana. Matete yalishika, yakafika kiunoni. Kisha mawingu mazito yakajikusanya.

Mvua ilipiga mchana, kubwa, ya kukatisha mazungumzo. Fundi aliacha cherehani ikiwa na nguo ya mteja. Alikimbia hadi bwawani. Mumewe alikuwa amekwishafika, na Bibi Chupa alikuwa amelowa chapachapa, anacheka.

"Shika hii! Chota pale yanapoingia!"

Fundi alichota. Maji yalikuwa mazito kama chai ya maziwa. Mumewe alichota yanapotoka. Wakaziweka chupa mbili pamoja.

"Naona vidole vyangu!" mume alipiga kelele. "Nyuma ya chupa yangu, naona vidole vyangu!"

"Bado si safi kabisa," Bibi Chupa alionya. "Na ziwa lina uchafu wa miaka mingi. Litapona taratibu. Lakini tumeanza!"

Masika yale ziwa lilipata ukijani kidogo pembeni tu. Mume aliamka kila alfajiri kwenda kutazama vizimba, na kila alfajiri alikuta samaki wako chini, wanazunguka, wanene.

Siku ya kuvua, karakana mpya ilifungwa mapema. Mafundi wote waliteremka ziwani. Mume alivuta wavu wa kwanza, ukamshinda.

"Mzito!" aliita. "Jamani, mzito! Njooni mshike!"

Fundi aliingia majini na viatu vyake. Mama mkwe naye akaingia, kanga inaelea nyuma yake. Wavu ukapanda, na samaki wakaruka, wakawarushia maji usoni, na hakuna aliyejifuta.