Ngozi Iliyokataa Kurudi

Jumamosi ilikuwa siku ya Rahabu kupika maharage mengi. Mumewe, Nikodemo, alikuwa mpasua mbao katika msitu ulio juu ya kijiji cha Mlola. Jumatatu alipanda kambini, Jumamosi alishuka, na akishuka alikula kama watu watatu.

Jumamosi moja ya mwaka 1951, Nikodemo alifika mchana, akasimama mlangoni, asiingie.

"Umechelewa, Baba Dorkasi," alisema Rahabu.

"Njia ina utelezi."

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Rahabu alimtazama mumewe kuanzia juu hadi chini. Alikuwa amevua kaptula yake ya kazi akajifunga shuka. Dorkasi, binti yao wa miaka miwili, alimkimbilia ili amrukie miguuni kama desturi yake. Nikodemo aliruka pembeni kama aliyeona nyoka.

"Kunywa maji basi."

"Sina kiu."

"Umetembea saa tatu juani, huna kiu? Keti."

"Nasimama tu. Mgongo."

"Mgongo gani huo unaomtembeza mtu kama bata?"

Rahabu alikuwa mtu wa kuuliza. Shuleni kwa misheni mwalimu alichoka naye, akampa jina la Bibi Kwa Nini. Lakini siku hiyo hakuuliza tena. Alipakua maharage, akangoja.

Mwisho Nikodemo alisema kwa sauti ndogo, "Nipe wembe."

"Wa nini? Ndevu ulinyoa Jumatatu."

"Nipe tu."

Rahabu aliuchomoa wembe ukutani ulikochomekwa. Hakumpa. Aliukunja ndani ya kitambaa, akaufunga katika pindo la kanga yake. "Wembe huu hautoki hapa mpaka useme unataka kukata nini."

Nikodemo alimtuma mtoto akacheze nje. Kisha alisema.

Alikuwa mtu wa Ubena, mbali sana kusini. Siku zile kwao watu wengi hawakutahiri. Hapa Usambara kila mwanamume alipitia jandoni, awe wa msikitini au wa kanisani. Rahabu aliolewa naye akijua, wala jambo hilo halikumnyima usingizi. Ila ndugu zake Rahabu hawakujua. Zamani Nikodemo alilima viazi na kuoga nyumbani kwake, nani angejua?

Kambini mambo yalikuwa mengine. Wapasuaji walikuwa sita. Yohane, kaka yake Rahabu, alisimama juu ya gogo akishika msumeno upande wa juu. Nikodemo alikaa shimoni chini yake, akivuta upande wa pili. Unga wote wa mbao ulimwagikia yeye, na unga wa mti wa mkulo huwasha mwili. Kwa hiyo kila jioni wote sita waliteremka kijitoni kuoga.

"Siku ya kwanza nilioga na kaptula," alisema Nikodemo. "Kaka yako akapiga kelele: 'Shemeji, mbona umevaa? Au kuna kitu ulikisahau usikiache jandoni?' Wote wakacheka. Bakari, mmoja wetu, alicheka mpaka akameza maji."

"Halafu?"

"Nikabuni njia. Kabla ya kuingia majini nilijificha kichakani, nikalivuta govi nyuma mpaka kichwa kikawa wazi. Nikaonekana kama wao. Nikimaliza kuoga, nalirudisha. Wiki tatu hakuna aliyegundua."

"Na jana?"

"Jana Yohane alinishika kwa mazungumzo tangu kijitoni mpaka motoni. Tukala, tukalala sote mstari mmoja. Nikasahau. Leo alfajiri nimeamka ngozi imekuwa pete. Imevimba, inabana, na kichwa kimevimba pia. Nguo ikigusa naona nyota. Nimevuta, haitaki. Nimepaka majivu, ndiyo nimejichoma zaidi. Maji sinywi kwa sababu naogopa kukojoa. Nikilikata, yataisha."

"Ungejikata, mimi na Dorkasi tungekukuta sakafuni kwenye dimbwi la damu. Twende dispensari kwa dresa."

"Kijiji kizima kitajua! Kaka zako watanicheka mpaka kaburini."

"Wacheke. Wewe ukiharibika huko, mimi nitacheka na nani?"

Nikodemo alitangulia mlangoni.

Walimwacha Dorkasi kwa bibi yake, wakashika njia ya dispensari. Bondeni walikutana na Yohane mwenyewe.

"Shemeji! Asubuhi umetoroka bila kuaga. Mbona unatembea hivyo? Umekalia siafu?"

"Mgongo unamuuma," alisema Rahabu.

"Nimbebe?"

"Kambebee mama kuni."

Yohane alibaki njiani akikuna kichwa.

Bwana Mbaraka, dresa aliyetibu wagonjwa pale, alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Wakati wa vita alihudumia askari majeruhi huko Burma. Walimkuta akichemsha sindano.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba. Nani mgonjwa?"

Nikodemo alitazama sakafu. Rahabu alitazama dari. Bwana Mbaraka aliwatazama wote wawili, akafunga mlango.

"Wanaume wakinyamaza namna hii, huwa ni sehemu moja tu," alisema. "Mama, unaweza kungoja nje. Au mwenyewe anataka ubaki?"

"Abaki," alisema Nikodemo. "Mimi kwa maumivu haya sitakumbuka neno. Yeye hasahau kitu."

Rahabu alibaki, akageukia dirisha. Bwana Mbaraka alimkagua Nikodemo kwa utaratibu. Hakucheka, hakuguna.

"Tangu lini?"

"Jana jioni," alisema Nikodemo, akamweleza habari za kijitoni na za shemeji yake.

"Mkojo unatoka?"

"Kidogo kidogo."

"Kutoka unatoka. Vizuri. Umepaka nini hapa?"

"Majivu."

"Majivu tuyapeleke shambani, ndugu yangu. Hapa yanaunguza." Alimsafisha polepole kwa maji safi.

Rahabu alishindwa kujizuia. "Bwana Dresa, kwa nini imekataa kurudi?"

"Tazama mkono wangu, mama." Alikunja mkono wa shati lake, akausukuma juu mpaka ukambana juu ya kiwiko. "Nguo hii imenibana. Damu inaingia mkononi kwa nguvu, lakini kurudi inashindwa. Mkono unavimba. Ukivimba, nguo inabana zaidi. Ikibana zaidi, unavimba zaidi. Govi likiachwa nyuma hufanya vilevile. Likiachwa muda mrefu, kichwa cha uume hukosa damu safi, na nyama inaweza kufa."

"Kufa?" aliuliza Nikodemo.

"Hujafika huko. Ungengoja kesho baada ya kanisa, nisingekuahidi. Na ungetumia kisu, usingefika hapa kabisa."

Rahabu alishika pindo la kanga yake lenye wembe.

Bwana Mbaraka alichovya kitambaa katika ndoo ya maji ya kisima, baridi ya mlimani inayouma meno. Alikikamua, akakizungusha mahali palipovimba. Kisha aliufumbata uume mkononi, akaubana taratibu bila kulegeza. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

"Nasukuma uvimbe urudi ulikotoka," alisema. "Tunahitaji dakika tano, labda kumi. Bana meno, shika meza. Mimi usinishike."

Dakika zilikuwa ndefu. Rahabu aliwahesabu kuku wote waliokuwa uani, akaanza upya. Nyuma yake alisikia mumewe akihema. Bwana Mbaraka alisema, "Sasa," na Nikodemo akapiga ukelele mmoja wa Kibena.

"Limerudi," alisema Bwana Mbaraka. "Lingekataa, ningekupeleka hospitali ya Lushoto leo hii, wakulipasue kidogo kwa dawa ya ganzi. Mama, geuka, ameshajifunga."

Nikodemo alikuwa ameketi. Ameketi! Machozi yalimtoka na huku anacheka. Aliomba maji, akanywa kata mbili bila kupumua.

"Sasa uliza, mama," alisema Bwana Mbaraka. "Naona maswali yamekujaa mpaka masikioni."

"Kwa nini ilimuuma vile hata kwa kuguswa na shuka?"

"Kwa sababu kichwa kile kina mishipa mingi ya fahamu, kama ncha za vidole na midomo. Govi nalo lina mishipa yake, hasa ndani na pale chini lilipofungwa kwa kamba ndogo ya ngozi. Kwa mtu asiyetahiriwa, kichwa kimezoea kufunikwa na kuwa na unyevu. Ukikiacha wazi usiku na mchana kikisuguliwa na kaptula yenye unga wa mbao, kitalia."

"Na waliotahiriwa, hawana hisia?"

"Wanazo, tena za kutosha. Mimi ni Mwislamu, nimetahiriwa, na nina watoto saba." Rahabu alificha uso kwa kanga. "Ngozi ya kichwa huzoea nguo. Kule vitani askari walibishana kila siku nani anahisi zaidi. Sijaona mzani wa kupimia jambo hilo. Kila mtu ana mwili mmoja tu, atalinganisha na nini?"

Nikodemo alipata ujasiri. "Bwana Dresa, mimi nasugua huko kwa sabuni ya kufulia kila siku. Nilisikia asiyetahiriwa ni mchafu."

"Mchafu ni asiyenawa. Chini ya govi hukusanyika utando mweupe. Si ugonjwa, ni mafuta na ngozi iliyokwisha kazi. Ukiuacha siku nyingi hunuka na kuwasha. Lakini sabuni kali nayo hupasua ngozi. Vuta govi nyuma polepole, mwisho wake ni pale linapokubali. Nawa kwa maji safi, kausha, kisha lirudishe mbele. Kurudisha usisahau kamwe. Hata ukiwa na haraka, hata shemeji akikuita."

"Na likikataa kwenda nyuma?" aliuliza Rahabu.

"Kwa mtu mzima, kama zamani lilikwenda na sasa linakataa, au linapasuka na kuacha makovu meupe, aje nimwone. Asilivute kwa nguvu. Na akiona wekundu, usaha, vidonda au maumivu ya kukojoa, aje. Wengine huwashwa mara kwa mara, kisha wana kiu isiyoisha na wanakojoa usiku kucha. Hao hupimwa mkojo, kwa maana huenda ni ugonjwa wa sukari. Na vidonda vingine huletwa na maradhi ya zinaa. Hapo huja mume na mke, wote wawili."

Nikodemo alikuna kidevu. "Basi nitahiriwe, yaishe?"

"Jambo hili likikurudia, tutazungumza. Hospitalini hufanywa kwa usalama, na mtu mzima hupona. Lakini uamue ukiwa na akili tulivu. Usiamue kwa sababu ya kicheko cha watu wanaooga. Kwa sasa pumzika siku chache uvimbe uishe. Na ninyi wawili mlale kama kaka na dada kwa wiki mbili."

"Wiki mbili!" alisema Nikodemo.

"Saa moja iliyopita alitaka kukata kwa wembe," alisema Rahabu. "Sasa analalamikia wiki mbili."

Walicheka wote watatu, na Nikodemo zaidi.

Jioni walimkuta Yohane uani kwa mama mkwe, amemweka Dorkasi mabegani.

"Mgongo umepona upesi!" alisema Yohane.

Rahabu alifungua mdomo kumkinga mumewe. Nikodemo alimgusa bega, akamwita Yohane pembeni penye kabichi, mbali na masikio ya mama mkwe. Rahabu aliwafuata.

"Shemeji, sina mgongo," alisema Nikodemo. "Kwetu hakuna jando. Sikutahiriwa. Nililificha kwa sababu ya kicheko chenu, na leo nusura niharibike."

Akaeleza yote, kuanzia kichakani hadi majivu na wembe. Rahabu alimtazama kaka yake usoni. Kama angecheka, alikuwa tayari kumrushia kabichi.

Mwanzoni Yohane alitabasamu. Nikodemo alipofika kwenye wembe, tabasamu lilikwisha. Yohane alimshusha Dorkasi chini.

"Leo asubuhi nilikuita uje tuteremshe mbao," alisema. "Ukabeba mbao mbili begani. Ukiwa hivyo?"

"Nikiwa hivyo."

"Kwa sababu ya mzaha wangu." Yohane alivunja jani la kabichi, akalichana vipande vipande. "Ungeniambia ningekucheka siku moja, mbili. Ya tatu ningechoka. Sasa ungekufa, ningemwambia nini dada yangu?"

Nikodemo alipumzika wiki nzima. Jumatatu iliyofuata alipanda msituni pamoja na Yohane, na jioni alioga na wenzake bila kujificha. Bakari alianza kuchokoza. Yohane alimwambia afunge mdomo asije akameza maji tena. Siku ya tatu hakuna aliyejali.

Jumamosi Nikodemo alifika mchana, akampokea Dorkasi kwa mikono miwili, akakaa kula. Yohane alikuja naye. Alinawa mikono, akanawa tena, kama mtu mwenye neno.

"Shemeji," alisema mwisho, "kuna mzee mmoja pale kambini. Ametahiriwa huyo. Lakini anawashwa huko, na usiku anatoka kukojoa mara tano, na maji anakunywa kama ng'ombe. Anaona haya kusema. Ni nini hicho?"

Nikodemo alikuwa na maharage mdomoni. Rahabu alijibu.

"Aende kwa Bwana Mbaraka apimwe mkojo. Huenda ana sukari. Asingoje, na asipake kitu."

Yohane alimgeukia dada yake, macho yamemtoka. "Na wewe mambo ya wanaume nani amekufundisha?"

"Niliuliza," alisema Rahabu, akamwongezea maharage.