Kopo Moja la Antibiotiki

Kabati la dawa halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena kwa adabu, na kopo moja la antibiotiki likayeyuka. Inspekta aliwapenda wezi wenye adabu. Walimpunguzia kazi.

"Antibiotiki, kwenye hospitali ya akili?" aliuliza. "Kuna mtu ana kikohozi?"

Daktari hakucheka. "Tunapima kama inaweza kuwasaidia wenye skizofrenia, wale wanaosikia sauti zisizokuwepo, pamoja na dawa zao za kawaida. Nusu ya wagonjwa wanapata dawa yenyewe, nusu vidonge bandia. Nani anapata nini, hata mimi sijui. Mmoja akipewa kwa mlango wa nyuma, utafiti umeharibika. Na yeye anaweza kudhurika."

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Kwenye msumari. Jikoni."

Inspekta alishukuru kimoyomoyo. Akachukua kopo jingine, akasoma maelezo yake yote, kisha akaingia wodini wakati wa chai. Kila kikombe kilikuwa na maziwa, isipokuwa cha kijana mmoja mrefu aliyeketi dirishani.

"Hupendi maziwa?"

"Napenda kuliko paka. Muulize dada yangu, ndiye mpishi. Tangu juzi kaninyima."

Jikoni, mpishi alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani.

"Dada," alisema Inspekta, "nani alikwambia dawa hii haimezwi na maziwa?"

Sufuria ikatulia.

"Nimesoma kwenye kopo."

"Kwa nini uliliiba?"

"Yule ni mdogo wangu, tumbo moja. Anasikia sauti tangu yuko shuleni. Nikawaza, je, kama kaangukia vile bandia? Roho ikakataa. Nikawa nampa asubuhi, namwambia vitamini."

"Vitamini zinazotolewa kwenye sidiria," alisema kijana. Alikuwa mlangoni, amewafuata na kikombe chake. Akatoa soksi mfukoni, akamwaga vidonge vyote mezani. "Sikumeza hata kimoja."

Daktari, aliyekuja nyuma yake, alishusha pumzi kwa furaha.

"Nilitaka upone," mpishi alisema, machozi yakimlengalenga.

"Najua, dada. Nami nataka. Lakini tangu niugue mnaniamulia kila kitu, hata shati la kuvaa. Hawa wa utafiti waliniuliza kama nakubali. Nikakubali mwenyewe."

Mpishi alijifuta uso, akamnyooshea Inspekta mikono ivishwe pingu.

"Ngoja," alisema Inspekta. "Tumuulize kwanza mdogo wako kama anakubali."

Kijana alijikuna kidevu, akatazama dari, na wala hakuwa na haraka.